Waliwahesabu Watoto, Wakamsahau Mama

Tarehe 4 Mei 2021, katika hospitali ya Ain Borja iliyoko mjini Casablanca, nchini Moroko, matabibu waliokuwa wamejitayarisha kupokea watoto saba kutoka katika tumbo la mwanamke mmoja walipokea tisa, wasichana watano na wavulana wanne. Na mwanamke huyo, Bi Halima Cissé, mwenyeji wa Timbuktu katika nchi ya Mali, mwenye umri wa miaka 25, akatajwa na magazeti ya dunia nzima kwa muda wa siku mbili tatu. Waandishi waliwahesabu watoto, wakaeleza uzito wa kila mmoja kuwa baina ya gramu 500 na kilo moja, wakafunua vitabu vya kumbukumbu kutazama kama jambo la namna hiyo limewahi kutokea. Lakini juu ya mama mwenyewe aghalabu waliandika mstari mmoja tu, kwamba alitoka damu nyingi, akaongezewa damu, na sasa hali yake ni njema.

Mstari huo mmoja ndio niliokusudia kuufungua leo. Kuchukua mimba ya watoto wawili, watatu au zaidi ni neema, na hakuna mzazi wa pwani wala wa bara asiyeinua mikono kushukuru anapopewa khabari hiyo. Walakini ni neema inayokuja imefuatana na khatari, na jamaa wanaoitazama neema wakaifumbia macho khatari humwacha mwenye mimba peke yake mahali ambapo alistahili kuzungukwa na watu wengi.

Sisi watu wa mwambao Timbuktu tunaijua kwa sifa ya elimu, kwa misikiti yake ya udongo na kwa hati zake za kale za Kiarabu zilizotunzwa majumbani mwa watu karne baada ya karne. Lakini mji huo wenye sifa adhimu uko kaskazini ya Mali, ukingoni mwa jangwa la Sahara, katika nchi iliyokuwa imekwisha kukaa na vita tangu mwaka 2012, na si mahali ambapo mwanamke mwenye mimba ya ajabu angeweza kupata yote anayoyahitaji. Bi Halima alilazwa hospitalini Bamako, mji mkuu, muda wa majuma mawili, na kipimo cha altrasaundi kikaonyesha watoto saba. Hapo madaktari wa Bamako walifanya jambo ambalo kwangu mimi lina heshima isiyopungua ile ya upasuaji wenyewe: walikubali kwamba mzigo huu umeuzidi uwezo wa mahali walipo, wakatafuta msaada kabla ya maji kuzidi unga. Rais wa wakati huo, Bah Ndaw, akaamuru mama huyo asafirishwe, na tarehe 30 Machi 2021 akapelekwa Moroko, akamwacha mumewe, Bwana Kader Arby, ambaye ni askari wa jeshi la Mali, pamoja na binti yao mdogo aliyewatangulia hao tisa.

Alipofika Casablanca mimba ilikuwa ya wiki 25. Mimba ya mtoto mmoja huchukua kiasi cha wiki 40. Ya pacha aghalabu haipiti wiki ya 35 au 36, na ya watoto watatu huishia karibu na wiki ya 32 au 33, kwa sababu mfuko wa uzazi ukijaa kupita kiasi huanza uchungu kabla ya majira yake. Mtoto azaliwaye katika wiki ya 25 mapafu yake hayajawa tayari kuvuta hewa, mishipa ya ubongo wake ni laini hata hupasuka kwa jambo dogo, na matumbo yake hayajajua kazi ya kupokea maziwa. Kila juma linaloongezwa akiwa ndani humzidishia sehemu ya uhai ambayo hakuna chombo kinachoweza kumlipa akiikosa. Walilojaliwa kulifanya matabibu wa Ain Borja ni kuisogeza siku ile mbele hadi wiki ya 30. Walizipata wiki tano, na wiki hizo tano hazikuwa mali ya hospitali wala ya serikali mbili zilizoshughulika na safari hiyo: zilitoka katika mwili wa mwanamke aliyelala kitandani ugenini, mbali na mumewe na mwanawe, akiubeba mzigo ambao hakuna aliyeweza kumpokea hata kwa saa moja.

Na mzigo wenyewe ni wa namna gani? Tumbo lililojaa watoto hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ndiyo maana mama huambiwa alale ubavu wala asilale chali. Huyasukuma mapafu juu, akawa asemapo maneno matatu hana budi apumzike kabla ya la nne. Hulibana tumbo la chakula, vijiko vichache vikamkinaisha, ilhali walio ndani wanadai riziki ya watu wengi. Damu yake hupungua nguvu kwa uhaba wa madini ya chuma. Miguu huvimba, mgongo humkata, usingizi humwia adimu. Hayo ni mateso, lakini bado si khatari yenyewe. Khatari hasa iko katika shinikizo la damu, ambalo katika mimba ya pacha hutokea mara mbili au tatu kuliko katika mimba ya mtoto mmoja, na ambalo likiachwa lijiendee huishia katika kifafa cha mimba, mama akashikwa na mishtuko, akazimia, na pengine asirudi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba wanawake walio katika khatari hiyo, na wenye mimba ya watoto wengi wakiwa miongoni mwao, wapewe aspirini kidogo, miligramu 75 kwa siku, na ikiwezekana waanze kabla ya wiki ya 20. Ni dawa ya bei ndogo kabisa, lakini hutolewa kwa ushauri wa tabibu, na tabibu hawezi kumshauri mwanamke ambaye hajamwona.

Wako vilevile mapacha wanaoshiriki kondo moja, na katika kila jozi 100 za namna hiyo wapata jozi 10 hadi 15 ambao damu huacha kugawanyika baina yao kwa haki: mmoja hupelekewa nyingi hata moyo wake ukachoka, na mwenziwe hunyimwa hata akakauka. Mkono wa mkunga, uwe na uzoefu ulioje, hauwezi peke yake kuigundua dhuluma hiyo. Hugunduliwa na altrasaundi inayorudiwa kila baada ya wiki mbili.

Tuurejee usiku na mchana wa Bi Halima. Alikuja kusimulia baadaye kwamba watoto walikuwa wakitolewa mmoja baada ya mmoja kana kwamba hawaishi, dada yake akiwa amemshika mkono, na yeye mwenyewe akijiuliza moyoni ni nani atakayemsaidia kuwalea. Nimekaa sana na swali hilo. Mwanamke yuko juu ya meza ya upasuaji, madaktari 10 na wasaidizi 25 wamekusanyika kwa ajili yake na wanawe, maisha yake yako mashakani, naye anawaza nepi, maziwa, usingizi na mikono ya kubebea. Mwanamke yeyote aliyepata kuzaa pacha atakuambia kwamba swali hilo hilo lilimjia, pengine siku ile ile muuguzi aliposema, “Mama, humu mna wawili.”

Kisha ikaja damu. Mfuko wa uzazi baada ya kuzaa hujikaza wenyewe na kuifunga mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Lakini uliotanuliwa mno huwa mithili ya mpira uliovutwa siku nyingi ukasahau kurejea, mishipa ikabaki wazi, na damu ya mwanadamu mzima ikaweza kumwagika katika muda usiozidi ule wa kuchemsha chungu cha wali. Bi Halima alitoka damu nyingi. Aliokoka kwa kuwa damu ya kumwongezea ilikuwapo na watu wa kumtia walikuwapo, na sitaki msomaji alipite jambo hilo upesi, kwa maana ni wanawake wangapi katika bara letu waliopata kila kitu isipokuwa hilo moja?

Kabla yake, watoto tisa wa mimba moja walikuwa wamewahi kuzaliwa Sydney, Australia, mwaka 1971, na tena nchini Malaysia mwaka 1999. Mara zote mbili hakubaki hata mmoja. Hawa wa Casablanca walibaki wote, na wale wanaoandika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness wakaliandika jambo hilo.

Lakini kubaki kwao kulikuwa kazi ya miezi. Mtoto wa gramu 500 ngozi yake ni nyembamba hata mishipa yaonekana chini yake, na kiganja chake hakiwezi kuufumbata mkono wa mtu mzima isipokuwa ncha ya kidole. Hawezi kunyonya, maziwa ya mama hukamuliwa kikombeni, yakapitishwa kwa bomba la sindano katika mpira mwembamba unaoingia puani hadi tumboni, mwanzoni mililita moja au mbili kwa mara moja, kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai. Mama hukamua usiku na mchana, akatazama mwanawe kupitia kioo cha chombo cha joto, na hajui kama amwite jina au angoje. Bi Halima alikuwa nao tisa wa namna hiyo. Walipotoka hospitalini walihamia katika nyumba iliyo karibu, wauguzi wakawa wanasaidia, na gharama yake ilikuwa kubwa: katika miezi ya mwanzo watoto walitumia nepi 100 na lita sita za maziwa kwa siku. Baba yao, alipoulizwa kama haogopi, alijibu kwamba Mungu ndiye aliyewapa na ndiye mwenye kuamua mambo yao. Huko kwao, siku 20 tu baada ya uzazi, Rais aliyetoa amri ya safari alikamatwa na wanajeshi na kuondolewa madarakani. Lakini amri yake njema ilikuwa imekwisha kufanya kazi. Familia ilirudi Bamako tarehe 13 Desemba 2022, watoto wakiwa wametimiza zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Sasa nitasema lile linaloniuma. Watoto tisa ni ajabu, na ajabu hupata ndege, hupata Rais. Pacha si ajabu. Wataalamu waliohesabu uzazi wa dunia wamekuta kwamba kila mwaka huzaliwa jozi za mapacha zipatazo milioni 1.6, yaani mtoto mmoja katika kila 42 ni pacha, na kwamba bara letu la Afrika ndilo linaloongoza, kwa uzazi wa pacha 17 hivi katika kila uzazi 1,000. Wa kwetu tunawaita Kurwa na Doto, tunawashonea nguo za rangi moja, tunawachezea ngoma. Walakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, karibu pacha mmoja katika kila watano hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na kwamba kufa kwao ni mara tatu ya kule kwa watoto waliozaliwa peke yao. Mmoja katika watano! Kama ingekuwa ni ng'ombe wanaokufa kwa kiasi hicho, wazee wangekuwa wamekwisha kuitana barazani.

Nawe usidhani kwamba dawa ya msiba huo ni kila mama kusafirishwa Casablanca. Mwezi ule ule wa Mei 2021, magazeti yakiwa bado yamejaa picha za watoto wa Bi Halima, ilitangazwa khabari nyingine ambayo haikupata hata robo ya kelele ile, ilhali ilituhusu zaidi. Ilikuwa matokeo ya uchunguzi uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto waliozaliwa na uzito wa baina ya kilo moja na kilo 1.8. Wengine walitunzwa kwa desturi iliyozoeleka, yaani kuwekwa kwanza katika vyombo hadi hali itulie. Wengine waliwekwa kifuani mwa mama zao mara tu baada ya kuzaliwa. Waliowekwa kifuani walikufa wachache zaidi kwa robo nzima. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima wengine joto hilo.

Asili ya matunzo hayo, tunayoyaita huduma ya kangaruu, ni mji wa Bogotá nchini Colombia, mwaka 1978, ambako tabibu Edgar Rey Sanabria, alipoona watoto njiti wanalazwa wawili watatu katika chombo kimoja cha joto na kuambukizana maradhi, aliwarudisha kwa mama zao. Jinsi inavyofanywa kwetu ni hivi. Mtoto huachwa na kofia, soksi na nepi tu, akawekwa wima baina ya matiti ya mama, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, mikono na miguu imekunjwa. Kisha hufungwa kwa kanga iliyokazwa barabara, upindo wake wa juu ukifika chini ya sikio lake. Hapo hukaa usiku na mchana, mama akitembea, akila, akilala nusu ameketi. Akiwa na pacha, mmoja hukaa kwa mama na wa pili kwa baba, au kwa nyanya, au kwa shangazi. Na mimi sijui heshima iliyo kubwa kwa mwanamume kupita ile ya kuvua shati lake wodini na kumtia mwanawe joto kwa kifua chake, ijapokuwa wapo wanaoona haya kulifanya. Haya hiyo haina msingi, wala haifai kuogopwa mbele ya uhai wa mtoto.

Na juu ya damu ya mama pia elimu imekuja na jambo jepesi. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Chini ya mama aliyekwisha kujifungua kwa njia ya kawaida hutandikwa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya kipimo; damu hutiririkia mle, na mkunga, badala ya kukisia kwa macho shuka iliyolowa, huona mstari, na damu ikiufikia huanza pale pale kuukanda mfuko wa uzazi, kutia dawa za kuukaza na za kuzuia damu, kutundika maji ya mshipani na kutafuta palipochanika, yote kwa pamoja wala si moja baada ya jingine. Kutoka damu kwa kiasi cha kutisha kulipungua kwa asilimia 60. Kipande cha plastiki na mkunga aliyefunzwa!

Yapo basi mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, lakini yote yanangoja sharti moja, nalo ni kwamba mwenye mimba ya wengi ajulikane mapema na afike mahali panapostahili. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara nane, na apigwe altrasaundi moja angalau kabla ya wiki ya 24. Tanzania imekwisha kuweka mpango wa m-mama, ambao mtu hupiga nambari 115 bila ya malipo, na pasipo na gari la wagonjwa hutumwa dereva wa pale pale mtaani au kijijini, akalipwa ujira wake kwa simu. Mambo mema haya. Lakini nyumbani kwetu bado hutamkwa kauli ambayo nimeisikia ikisemwa kwa upole na watu wanaompenda mwenye mimba kwa dhati: “Mimba si ugonjwa, mwanangu.” Kwa kauli hiyo mwanamke aliyevimba miguu huinuliwa akateke maji, kwa kauli hiyo nauli ya kliniki huahirishwa hadi mavuno, na kwa kauli hiyo maumivu ya kichwa ya siku tatu huitwa uchovu. Waliotangulia walipoisema walikusudia kumtia moyo kijana aliyeogopa, na kwa mimba iliyo salama huenda ikafaa. Kwa mimba ya pacha haifai, na mama mkwe mwenye hekima ataiacha.

Nawaombeni basi, ninyi mnaosoma gazeti hili mkiwa na mke, binti, mkwe au jirani aliye mjamzito, mfanye yaliyo mikononi mwenu. Apelekwe kliniki mapema, na muulize wazi tumboni mna wangapi. Wakiwa wawili au zaidi, asizalie nyumbani wala katika zahanati isiyoweza kupasua wala kuongeza damu. Iwekwe nauli kando tangu mwezi wa tano, ajulikane atakayefuatana naye, na watafutwe jamaa wawili watatu walio tayari kutoa damu. Apunguziwe ndoo na jembe bila ya kuomba. Na akisema kichwa kinamuuma sana, au macho yanaona ukungu, au anasikia maumivu makali chini ya kifua, au ameona damu au maji yametoka, msingoje kupambazuke: mwondokeni naye usiku ule ule.